Funga Daftari Kwanza: Mwongozo Kamili wa Kusoma kwa Kufuata Namna Ubongo Unavyojifunza

Ninafundisha Baiolojia mchana, na jioni ninakaa na wanafunzi wa kidato cha nne wanaojiandaa na mtihani wa taifa. Mwaka juzi, mwanzoni mwa Agosti, alinijia binti mmoja na daftari lililopakwa kalamu za rangi kila ukurasa: njano, kijani, waridi. "Mwalimu, mada ya mzunguko wa damu nimeisoma mara saba," akaniambia, na niliamini kabisa kwamba ni kweli. Nikamwomba afunge daftari. Nikampa karatasi tupu, nikamwambia, "Haya mwanangu, nichoree moyo, unionyeshe damu inaingilia wapi na inatokea wapi."

Alichora umbo kama embe, akaweka mshale mmoja juu upande wa kulia, kisha kalamu ikasimama. Zikapita kama dakika mbili. Machozi yakaanza kumlengalenga. Nilipomfungulia daftari tu, akasema, "Mbona hii naijua!"

Alikuwa anaijua akiiona. Kuitoa kichwani akiwa mbele ya karatasi tupu ni kazi nyingine kabisa, na ubongo haujifunzi kazi ya pili kwa kufanya ya kwanza mara saba. Mtihani humtaka mtu atoe, wakati wengi tunajiandaa kwa kumimina ndani. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kugeuza utaratibu huo. Nimeuandikia mwanafunzi, lakini ziko sehemu za mzazi na za mwalimu mwenzangu. Ukiwa na miezi mitatu kabla ya mtihani, vizuri sana. Ukiwa na wiki tatu, hatua ni zilezile, ila utachagua mada chache.

Kwanza, kinachotokea kichwani

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.3 hadi 1.4 hivi, lakini mwili ukiwa umetulia unatumia karibu asilimia 20 ya nishati yote. Una seli za neva zinazokadiriwa kufikia bilioni 86. Seli hizo hupashana habari kwenye viungo vidogo mno viitwavyo sinapsi, ambako kemikali ya seli moja huvuka na kuiamsha nyingine. Mwanasayansi Eric Kandel aliyachunguza hayo kwa miaka mingi kwa kutumia konokono wa baharini, na mwaka 2000 alikuwa miongoni mwa watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya tiba. Katika kazi yake ilionekana kwamba kumbukumbu ya muda mfupi huongeza tu nguvu ya sinapsi zilizopo, lakini ile ya kudumu huhitaji seli itengeneze protini mpya na kuotesha miunganisho mipya.

Kwa maneno mengine, kujifunza ni ujenzi wa kweli. Fundi akimimina zege leo hapangi matofali juu yake jioni hiyohiyo. Hulimwagia maji siku baada ya siku mpaka likomae. Anayetaka kumaliza Kemia yote usiku mmoja anajenga juu ya zege bichi.

Jambo jingine tulijifunza kwa mtu mmoja na kwa gharama kubwa. Mwaka 1953, huko Hartford, Marekani, daktari William Scoville alimfanyia upasuaji kijana wa miaka 27 aitwaye Henry Molaison aliyekuwa na kifafa kikali. Aliondoa sehemu kubwa ya hipokampasi, kiungo kilichojificha ndani ya ubongo, pande zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini Henry hakuweza tena kuhifadhi jambo jipya. Hata mtu aliyeonana naye muda mfupi uliopita alimwona mgeni. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kufuatisha mchoro wa nyota huku akiutazama kwenye kioo. Kila siku mkono wake ulizidi kuwa hodari, na kila siku alidai hajawahi kuifanya kazi hiyo.

Ndipo ikajulikana kwamba kumbukumbu ziko za namna zaidi ya moja. Kujua jambo kuna njia yake, na ustadi wa kufanya jambo una njia yake. Kwa hiyo ukimtazama mwalimu akitatua hesabu ubaoni ukatikisa kichwa "nimeelewa", umepata nusu. Nusu ya pili huipati mpaka mkono wako ushike kalamu.

Hatua ya 1: Angalia mwili kabla hujalaumu akili

Hapa nasema na mzazi. Kabla hujalipia twisheni, mpeleke mtoto apimwe macho na masikio, na apimwe damu. Mtoto asiyeona ubao vizuri huonekana mzembe. Mwenye upungufu wa damu huchoka na kusinzia darasani. Na kama aliwahi kuugua malaria kali iliyopanda kichwani, mweleze daktari na mweleze mwalimu pia; utafiti uliofanyika Kilifi kwa miaka mingi umeonyesha kwamba baadhi ya watoto wanaopona malaria ya aina hiyo hubaki na shida za lugha, umakini au kumbukumbu. Mtoto wa namna hiyo anahitaji muda zaidi na uvumilivu zaidi. Kelele hazimsaidii.

Chakula cha asubuhi kisikosekane, hata kama ni uji na kiazi.

Hatua ya 2: Pima kwa karatasi tupu

Chukua somo moja. Andika orodha ya mada zake zote upande wa kushoto wa ukurasa. Kwa kila mada jipe dakika tano na karatasi tupu, daftari likiwa limefungwa, uandike au uchore kila unachokumbuka. Kisha fungua ulinganishe. Weka alama moja kati ya tatu: nimeitoa yote, nimetoa nusu, sikutoa kitu.

Zoezi hili linauma, hasa siku ya kwanza. Wanafunzi wengi hugundua kwamba mada wanazozipenda na kuzisoma mara kwa mara si zile wanazozihitaji. Usiogope matokeo. Hiyo ndiyo ramani yako, na mada za "nusu" ndizo uanze nazo, kwa sababu hulipa haraka na kukupa moyo.

Hatua ya 3: Elewa kwanza kwa lugha yako

Sehemu ya akili inayoshika mambo unapoyafanyia kazi papo hapo ni finyu. Mtafiti Nelson Cowan alikadiria mwaka 2001 kwamba inabeba takriban vitu vinne kwa wakati mmoja. Ndiyo maana namba ya simu yenye tarakimu 10 tunaitaja kwa mafungu ya tatu tatu. Tukiitaja tarakimu moja moja inatupotea.

Sasa mfikirie mtoto wa Kitanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, akaingia sekondari ambako masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Anasoma sentensi moja ya Baiolojia yenye maneno matano asiyoyajua. Nafasi zake nne zimejaa maneno kabla hata hajagusa wazo lenyewe. Nimeona walimu wakiuita huo "uzito wa akili", na inaniumiza, kwa sababu mtoto huyohuyo ukimweleza kwa Kiswahili anauliza maswali ya daktari.

Fanya hivi. Soma aya moja. Ifunge, uieleze kwa Kiswahili kama vile unamweleza bibi yako: damu chafu inarudi moyoni kupitia mshipa mkubwa, inaingia chumba cha juu kulia, inashuka cha chini kulia, inasukumwa mapafuni ikapate oksijeni, inarudi chumba cha juu kushoto, inashuka cha chini kushoto, na kutoka hapo inasukumwa mwili mzima. Ukikwama, umegundua usipoelewa. Wazo likisimama ndipo uandike istilahi za Kiingereza kando ya kila chumba na kila mshipa, kisha uandike maelezo yote kwa Kiingereza, kwa kuwa ndicho utakachopewa kwenye mtihani. Ukianza na istilahi wazo likafuata, utabaki na majina yasiyo na wenyewe.

Hatua ya 4: Toa, usimimine

Ukichukua hatua moja tu katika mwongozo huu, ichukue hii.

Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis waliwapa wanafunzi habari fupi za kusoma. Kundi moja lilisoma habari hiyo vipindi vinne mfululizo. Kundi jingine lilisoma kipindi kimoja, kisha vipindi vitatu likaandika kila linachokumbuka bila kutazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma tu waliongoza. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliosoma tu walikumbuka kama asilimia 40, na waliojitahidi kutoa walikumbuka kama asilimia 61. Tena waliosoma tu ndio waliokuwa na imani kubwa zaidi kwamba watakumbuka. Hapo ndipo mtego ulipo: kurudia kusoma hukupa raha ya kujua, na raha hiyo inakudanganya.

Kila unapolivuta jambo kutoka kichwani, njia ya kulifikia huimarika. Na kadiri unavyohangaika kidogo kabla ya kulipata, ndivyo faida inavyokuwa kubwa. Usikimbilie kufungua daftari. Kaa na ule ukimya wa kalamu iliyosimama kwa dakika nzima.

Watu wa pwani hawahitaji kuambiwa haya na Wamarekani. Nilisoma chuo cha Kurani utotoni, kwenye baraza lenye mkeka, na ustadhi wetu hakuwahi hata siku moja kutuuliza "mmesoma?" Alikuwa akiketi, anakunyooshea kidole, anasema, "Lete." Unatoa aya za leo bila msahafu. Ukimaliza, anasema, "Na za jana." Halafu anachagua sura ya mwezi uliopita, wala hakwambii mapema ni ipi. Ukikosea herufi anagonga mkeka mara moja na kunyamaza, uitafute mwenyewe. Hakukupa neno mpaka umeshindwa kweli. Muraja'a, yaani kurudia ulichokwisha kuhifadhi, haikuwa na likizo. Mimi leo nina miaka zaidi ya arobaini, na sura zile ninazo. Fomula za Kemia nilizosoma kwa kukesha sina.

Shuleni neno "kukariri" limekuwa tusi, na naelewa sababu yake: mtoto hukariri jibu asilolielewa. Ila tusitupe utaratibu mzima. Elewa kwanza, kama hatua ya 3 inavyosema, kisha lete.

Njia za kuleta ziko nyingi. Mimi nashauri hizi. Kunja ukurasa wa daftari wima. Nusu ya kushoto andika maswali, nusu ya kulia majibu, na unaposoma funika majibu. Au kata karatasi ya manila vipande vidogo, swali mbele, jibu nyuma. Au kaa na mwenzako wawili wawili, mmoja ameshika daftari, mwingine anatoa, kisha mnabadilishana. Kundi la watu wanane hugeuka gumzo. Na mitihani ya miaka iliyopita usiisome pamoja na majibu yake. Ijibu kwanza, kwa saa, ndipo usahihishe.

Sahihisha kwa kalamu ya rangi tofauti. Yule binti aliandika kwa bluu na kujisahihisha kwa nyekundu, na kila karatasi aliiandika tarehe. Karatasi yake ya kwanza ilikuwa nyekundu karibu yote. Ya tano ilikuwa bluu, isipokuwa sehemu moja: kilango kati ya vyumba viwili vya kushoto alikuwa akikisahau kila mara. Asingejua kama anakisahau kwa kupaka rangi daftari.

Hatua ya 5: Achanisha siku

Mwaka 1885, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa silabi zisizo na maana. Aliona kwamba usahaulifu huja kwa kasi mwanzoni, saa za kwanza na siku ya kwanza, kisha kasi hupungua. Aliona pia kwamba marudio yaliyotawanywa siku mbalimbali hushinda marudio mengi ya siku moja.

Maana yake kwako ni kwamba saa tatu za mzunguko wa damu zikae siku sita za nusu saa, zisikae Jumamosi moja. Chukua kalenda ya ukutani na penseli. Tuseme umeielewa mada tarehe 1 Agosti. Andika jina lake kwenye tarehe 2, 5, 12 na 26 Agosti, kisha 20 Septemba na katikati ya Oktoba. Kila tarehe hiyo ikifika, karatasi tupu, dakika 10 au 15, sahihisha, basi. Ukiitoa bila shida, safari inayofuata ongeza nafasi. Ikikushinda, irudishe kesho na uanze upya kuhesabu.

Utajisikia vibaya kila ukirudi, maana utakuta umesahau kiasi. Hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe. Kusahau kidogo kunaulazimisha ubongo kutafuta, na kutafuta ndiko kunakoimarisha.

Mwalimu mwenzangu, wewe unaweza kuwafanyia darasa zima bila gharama. Dakika tano za mwanzo wa kipindi, uliza maswali matatu: moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la muhula uliopita. Wajibu kwa maandishi, kila mmoja, na usiweke alama kwenye ripoti. Nimefanya hivyo kwa miaka kadhaa, na wanaofaidika zaidi ni wale wasionyoosha mkono.

Hatua ya 6: Changanya maswali

Vitabu vya Hesabu huweka maswali 20 ya aina moja chini ya mada moja. Ukifika swali la nne unajibu bila kufikiri, kwa kuwa unajua kanuni ni ileile. Mtihani haukwambii kanuni ni ipi. Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor waliwafundisha wanafunzi kutafuta ujazo wa maumbo manne yasiyo ya kawaida. Waliofanya maswali yaliyochanganywa walikosea zaidi wakati wa mazoezi, lakini wiki moja baadaye walipata wastani wa asilimia 63, huku waliofanya kwa mafungu wakipata 20.

Chagua swali moja moja kutoka mada tano, uyaandike kwenye vikaratasi, uyatie kwenye bakuli na kuokota. Kabla hujatatua, sema: hili ni swali la nini? Ustadi huo wa kulitambua swali ndio unaopungua kwa wengi.

Hatua ya 7: Lala

Nikiwa bweni, tulikuwa tukiweka miguu kwenye beseni la maji baridi usiku wa manane ili tusisinzie. Tuliona ni ushujaa. Leo ninapoona mwanafunzi anafanya vile, namwondolea beseni.

Tangu mwaka 1924, Jenkins na Dallenbach walipoonyesha kwamba mtu aliyelala baada ya kujifunza hukumbuka zaidi kuliko aliyekaa macho muda uleule, ushahidi umezidi kuongezeka. Kwa panya imeonekana kwamba seli za hipokampasi zilizofanya kazi mchana, mnyama alipokuwa akizunguka, hufanya kazi tena pamoja usingizini, kana kwamba safari inarudiwa. Ujenzi wa zege niliousema unaendelea usiku. Anayekesha anamfukuza fundi kazini.

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Pia saa ya mwili wake husogea mbele wakati wa balehe, hivyo kuchelewa kusinzia si uvivu wala ukaidi. Ninajua bwenini kengele hulia alfajiri na huwezi kubadilisha ratiba. Basi linda mwisho wa siku: mada mpya zisianze baada ya saa tatu usiku. Dakika 20 za mwisho kabla ya kulala ziwe za kuleta tu, bila mwanga wa simu usoni. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu viishe saa tisa alasiri, maana nusu ya kafeini inaweza kuwa bado iko damuni saa tano baadaye.

Hatua ya 8: Jenga mazoea, na simu itoke chumbani

Katika miaka ya 1990 Wolfram Schultz aliwapima nyani waliokuwa wakipewa maji ya matunda. Seli za dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na kutarajia zawadi, ziliamka kwa maji yasiyotarajiwa. Nyani walipozoea kwamba taa ikiwaka maji yanakuja, seli zikaanza kuamka kwa taa. Mlio wa simu yako ndiyo ile taa. Ubongo wako unaamka kabla hata hujajua ujumbe unatoka kwa nani, na ukisharudi kwenye Fizikia unaanza upya kukusanya mawazo. Mpe mama simu, au iache kwa mlezi. Kuigeuza kifudifudi mezani hakutoshi.

Kisha funga kusoma na jambo unalolifanya kila siku: baada ya swala ya magharibi, baada ya kuosha vyombo. Mahali palepale, muda uleule, dakika 30 hadi 40 na kupumzika kidogo. Utafiti wa Phillippa Lally wa London, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta mazoea mapya huchukua wastani wa siku 66 kukaa, wengine siku 18, wengine zaidi ya 250. Ukikosa siku moja, endelea kesho yake.

Hatua ya 9: Hofu na fimbo

Hii ni ya mzazi na ya mwalimu, na naiandika nikiwa nimeitafakari sana.

Ndani ya ubongo kuna sehemu iitwayo amigdala inayolinda usalama wetu. Ikihisi hatari, mwili humwaga homoni za adrenalini na kortizoli, moyo hukimbia, na nguvu zinaelekezwa kwenye kukimbia au kupigana. Wakati huohuo ubongo wa mbele, unaopanga, kulinganisha na kuchagua, hufanya kazi vibaya. Na ubongo wa mbele wa kijana bado unakomaa, hadi miaka ya ishirini na kitu. Mtoto aliyeitwa ubaoni huku fimbo ikigongwa mezani halegei kwa ujinga. Chombo anachokihitaji kimezimwa na yule anayemtaka akitumie.

Ubaya mwingine unadumu zaidi. Ivan Pavlov wa Urusi alionyesha kwamba mbwa huanza kudondosha mate kwa ishara tu inayotangulia chakula. Hofu nayo hufungamana na ishara. Nimewahi kuwa na mwanafunzi aliyekuwa akiumwa tumbo kila siku yenye kipindi cha Hesabu, na hospitali hawakuona ugonjwa. Kumbe aliwahi kuchapwa mbele ya wenzake kwa kukosa jibu, darasa la tano. Kilichobaki kichwani mwake ni kwamba Hesabu ni mahali pa kuumizwa, na jibu lenyewe hakulipata mpaka leo.

Watu wataniambia, "Mbona sisi tulichapwa na tukafaulu?" Nasi tulikuwa wangapi darasani, na wangapi waliacha shule kimya kimya?

Badala yake, mtoto akikosa, mpe sehemu ya jibu umalizie naye. Sema kwa uhakika alichokipatia: "Vyumba vinne umepata, mishale miwili umegeuza." Mpe nafasi ya kujibu tena siku ya pili, na akipatia, aone umeona. Nidhamu ya mipaka iwepo, yenye matokeo yanayojulikana mapema na yanayofanana kwa wote. Nyumbani, acha kumlinganisha na mtoto wa jirani wakati wa chakula. Uliza, "Leo umeweza kutoa nini?" kisha msikilize akikueleza, hata kama wewe hukusoma somo hilo. Akikueleza wewe, anafanya hatua ya 3 na ya 4 kwa pamoja.

Hatua ya 10: Wiki ya mtihani

Mtihani wa taifa wa kidato cha nne kwa kawaida huja Novemba. Wiki ya mwisho usianze mada mpya. Pitia zile karatasi zenye nyekundu tu, na ulale kwa wakati.

Hofu kidogo ni nzuri, huamsha. Ikizidi, pumua: vuta hewa kwa hesabu ya nne, itoe taratibu kwa hesabu ya sita au nane, kwa dakika mbili. Pumzi ndefu ya kutoka hupunguza kasi ya moyo kupitia mshipa wa fahamu uitwao vagasi. Kama hofu yako ni ya kukutoa jasho, dakika kumi kabla ya kuingia andika kwenye karatasi ya kutupa kila unachokihofia, kama kilivyo. Gerardo Ramirez na Sian Beilock walichapisha mwaka 2011 kwamba wanafunzi wenye hofu ya mitihani waliofanya hivyo walifanya vizuri zaidi. Na mwaka 2016 Amy Smith na wenzake waliona kwamba watu waliojifunza kwa kutoa hawakuyumbishwa sana na msongo, wakati waliojifunza kwa kurudia kusoma walisahau.

Ukipewa karatasi, soma maswali yote, anza na lile unaloliweza. Likikushinda swali, weka alama uondoke. Wakati mwingine jibu huja wewe ukiwa kwenye swali jingine, wakati hulisubiri. Yule binti aliniambia kwamba katika karatasi yake ya Baiolojia kilango cha kushoto ndicho alichokichora cha kwanza.

Ukitoka chumbani, usisimame ukutani kulinganisha majibu. Nenda kanywe maji, ule, ulale nusu saa ukiweza, halafu toa karatasi tupu ya somo la kesho.